Kura ya Nyumba Yetu

Siku hizi jijini kwetu watu hawapigi kura ya miradi ya mtaa. Nyumba ndizo zinazopiga. Kuta husikiliza maisha yetu mwaka mzima, kisha kila nyumba huchagua kile wanachohitaji waliomo.

Mimi nilitaka maktaba, na si mtu wa kushindwa na ukuta. Miezi mitatu, kila alasiri nikiwa jikoni, nilimwambia mume wangu, mwalimu mstaafu, "Baba Zamda, soma kwa sauti, nyumba isikie." Alisoma bila kuchoka. Maneno sikuyafuatilia, maana nilikuwa na vyungu vyangu. Sauti yake ilinitosha. Majirani nikawatangazia kabisa: maktaba tumeshapata.

Leo matokeo yamebandikwa. Nyumba yetu imechagua kituo cha kutunza wazee wanaopoteza kumbukumbu.

Nilirudi nyumbani nikicheka. Wazee gani? Nikamkuta kibarazani na kitabu chake.

"Baba Zamda, hivi umefikia ukurasa wa ngapi?"

Akafungua ukurasa wa kwanza, akatabasamu.

"Kaa usikilize, Mama Zamda. Ndiyo kwanza naanza."