Sinia la Ijumaa

Maradhi yalipopungua na migahawa kuruhusiwa kufungua, wateja wa Bi Shamsa walirudi, ila hawakukaa. Walifungiwa chakula mlangoni wakaenda kula kwao, kila mtu na upweke wake. Viti vikabaki vimepandishwa juu ya meza.

Ijumaa hiyo Fundi Mbaraka alinawa kwenye ndoo ya mlangoni, akashusha viti vya meza ya pembeni, vyote vinne.

"Sinia la biriani, Bi Shamsa. La watu wanne, kama zamani."

Bi Shamsa aliwajua maseremala watatu ambao Mbaraka alikuwa akila nao kila Ijumaa. Walizikwa mbiombio, na matanga hayakukaliwa, maana mikusanyiko ilikatazwa. Bi Shamsa alishusha sinia kubwa. Akapakua.

Mbaraka alisema bismillahi, akala mbele yake tu, kama alavyo mtu aliyefunzwa adabu ya sinia. Alipomaliza, upande wake ulikuwa mweupe. Pande tatu hazikuguswa hata punje.

"Nikufungie wali uliobaki?"

"Huo si wangu," alisema. Akalipa, akaenda zake.

Mara wakaingia vijana, kundi zima, wa kwanza kutaka kukaa tangu afungue. Mmoja akashika kiti cha meza ile.

"Mama, hapa pana mtu?"

Bi Shamsa alilitazama sinia. Mvuke ulikuwa bado unapanda.

"Pana watu," alisema, akachukua jagi, akajaza maji bilauri tatu.