Beseni la Siwema

Haya alinisimulia Mwanakheri, mpishi wa bweni la chuo, juzi tukichambua mchele.

Siwema, mwanafunzi, alikuwa siku ya tatu hajalala, miguu kaitumbukiza kwenye beseni la maji baridi ili usingizi usimchukue. Mwanakheri alipompelekea uji adhuhuri alimkuta kaganda kwenye ukurasa ule ule wa jana, machozi yanamtiririka.

"Nikilala nitafeli, bibi."

"Asubuhi uliniita shangazi, sasa bibi. Kesho kwenye mtihani utaandika jina la nani?"

Siwema akacheka mpaka uji ukampalia. Akamaliza bakuli, akaitoa miguu iliyokunjamana, maji yale akaumwagia mchicha chini ya dirisha. Beseni akalifudikiza juani, na kabla halijakauka, yeye alikuwa keshalala.