Mguu wa Mpondela

Ligi ilikuwa imeahirishwa miezi mitatu, lakini mtaani watu waliendelea na vikosi vyao vya karatasi. Kila mmoja aliandika wachezaji kumi na mmoja wa ligi. Wakifanya vizuri uwanjani, yeye huvuna pointi, na mwenye pointi nyingi hutwaa kombe la mtaa. Bi. Mwanamvua, fundi cherehani, ndiye pekee aliyemwandika Mpondela, mshambuliaji aliyevunjika mguu. Alipiga hesabu kwamba ligi ikichelewa, mguu utapata muda wa kupona.

Adhuhuri moja Mpondela mwenyewe aliingia dukani, amekonda, jasho linamtiririka. Aliketi kwenye benchi, lakini mguu wake wa kulia haukuketi. Ulipiga hewa, ukatulia, ukapiga tena.

"Mama, nimesikia umeniandika. Nikate."

"Mwanangu, si umepona?"

"Mguu ulipona siku ile ile uliyoniandika. Tangu hapo haujapumzika. Mimi nikilala, wenyewe unafanya mazoezi."

Bi. Mwanamvua alitaka kucheka, ila alipoutazama ule mguu kicheko kilimkauka. Akatoa karatasi kwenye mtoto wa meza. Kombe lile alikuwa amelitamani miaka mingi. Akashika kalamu, akalikata jina.

Kitu kikalia ndani ya nyama, kama ukuni mkavu unaovunjwa. Mpondela akapiga yowe, kisha akaukumbatia mguu, machozi yakimtoka, anatabasamu.

"Asante, mama. Sasa unauma kama mguu wangu."

Akatoka akichechemea, akijishikiza ukutani. Bi. Mwanamvua akaitazama karatasi. Wino wa majina kumi yaliyobaki, aliyoyaandika miezi mitatu iliyopita, ulikuwa bado mbichi, unametameta.