Vipande Viwili vya Marumaru

Kaimu alikishika kipande cha marumaru kwa kibano, akakitoa kwenye kisahani kilichoandikwa BARIDI, akakitia kwenye kile cha MOTO. Cha moto akakihamishia kwenye BARIDI. Vilifanana kama mapacha. Hakuna jicho ambalo lingejua.

Hakujuta hata kidogo. Miaka yote hiyo amekuwa kaimu mkuu wa maabara, mpaka watu wamesahau jina lake, halafu huyu binti aliyetoka masomoni juzi tu aje kumkalia kichwani? Walimwita Dokta. Mkurugenzi akimwona, meno yote nje. Kwa wivu, Kaimu aliiacha hata chai yake.

Ugomvi ulianzia kikaoni. Dokta alisema marumaru huyeyuka zaidi kwenye maji baridi kuliko ya moto.

"Mwanangu, hata anayekoroga sukari anajua habari ya maji ya moto," Kaimu alimjibu. Watu wakacheka, mbavu hawana.

"Sukari sawa, mzee wangu. Chumvi ya mawe pia. Ila marumaru ina tabia yake. Maji baridi hubeba hewa ukaa nyingi, na hiyo ndiyo inayoila."

Mkurugenzi akakata shauri: vipande viwili vya uzito mmoja, kimoja kilowekwe kwenye maji ya friji, kingine kwenye maji ya moto. Kisha vikaushwe kwenye visahani usiku kucha, vipimwe asubuhi mbele ya wote. Na cheo cha mkuu wa maabara, alisema, kitakwenda kwa anayeijua kazi.

Kaimu alipofungua vitabu, akakuta binti yuko sahihi. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Mara mlango wa maabara ukafunguliwa. Kaimu akaruka kando ya meza, kibano mfukoni.

Alikuwa mtunza stoo, mume wa Dokta. Siku hizi hakuna aliyemwita vingine: Mume wa Dokta huku, Mume wa Dokta kule, naye hucheka tu.

"Bado upo, Kaimu? Mke wangu kasahau miwani." Akaviinamia visahani. "Ndivyo hivi vyenyewe?"

"Ndivyo. Usiguse."

"Nani aguse! Wewe nionee huruma tu. Kuanzia kesho naamrishwa nyumbani na kazini." Akacheka tena.

Kaimu akachukua koti lake, akamwacha akiitafuta hiyo miwani. Hata huyu Kaimu alimwonea wivu. Mtu gani huyu, anafurahia hivi mafanikio ya mwenzake?

Asubuhi maabara ilijaa. Mkurugenzi aliisoma mizani mwenyewe, kwa sauti. Kipande cha kisahani cha MOTO kilikuwa kimepungua kidogo mno. Cha BARIDI kilikuwa kimeliwa zaidi, tena kwa mbali.

"Dokta yuko sahihi!" akatangaza. "Mkuu wa maabara ndiye huyu!"

Makofi yakalipuka. Dokta akatokwa na machozi ya furaha. Kaimu akakaa kwenye kiti cha karibu. Alivibadilisha, tena akiwa na akili zake timamu. Vimerudije?

Kwenye kiti cha pili, Mume wa Dokta hakuwa akipiga makofi. Alikuwa amejishika kichwa, anaitazama mizani.

"Haiwezekani," alinong'ona kama anayejisemea. "Jana nilivibadilisha kwa mikono yangu mwenyewe."