Nyonga ya Bi Zamda

Siku hizi nyonga ya bandia ikiteguka mara moja tu, hospitali huiwekea kufuli, na mwenye nayo hainami tena. Ya Bi Zamda iliteguka alipokuwa akiinuka kwenye mbuzi, baada ya kukuna nazi.

Asubuhi hiyo mumewe, Mzee Shekue, alianguka jikoni.

"Mama Sauda, nipe mkono."

Akajaribu kuinama. Nyonga ikakaza, ikamwonya kwa upole: "Usiiname, Bi Zamda."

Akapiga ukelele kuita majirani, kisha akavua kanga ya kichwani, akamteremshia pindo. Mzee akalishika.

"Upo?"

"Nipo, baba. Nimekushika."

Majirani walipofika, kanga ilikuwa imelegea mkononi mwake.

"Hongera, Bi Zamda," nyonga ikasema. "Leo hujainama hata mara moja."