Mwezi wa Kuzaa

Ndama wa tatu naye alitoka mfu. Daktari aliuchomoa mkono wake taratibu, akaufuta kwa majani makavu, maana mabichi hayakuwepo, akamgeukia baba yake aliyeegemea lango la zizi.

"Baba, hawa hawafi kwa bahati mbaya. Wanazaliwa ukame umekolea. Mama mwenyewe mifupa mitupu, ndama atanyonya nini?"

Jina la Daktari alipachikwa na majirani kwa utani, maana shule aliishia darasa la saba. Lakini tangu mama yake afariki, miaka kumi na minne sasa, zizi lile lilikuwa mikononi mwake. Wachumba wawili walimngoja mpaka wakachoka.

"Tumtenge fahali," alisema. "Asiingie kwa majike mpaka mwezi wa sita. Hesabu miezi tisa: watazaa mwezi wa tatu, mvua zimeanza, nyasi changa tele."

"Marehemu babu yako hakuwahi kumpangia ng'ombe tarehe!"

"Na alizika ndama wangapi?"

Siku tatu baadaye mzee akaja na daftari jipya.

"Niandikie yote. Fahali aingie lini, atoke lini, mwenye mimba ale nini. Andika kwa lugha nyepesi, hata asiyejua ng'ombe aelewe."

Daktari aliandika wiki nzima, ulimi nje kama mtoto wa chekechea. Baba yake hakuwahi kumwomba ushauri hata wa kununua kamba.

Mwaka uliofuata, kati ya majike arobaini, thelathini na nane walizaa mwezi wa tatu. Ndama wote walisimama, wakanyonya. Daktari alikonda, viganja vikachubuka, lakini mzee akawa anapita zizini akitabasamu peke yake.

"Jumapili nitaita watu," alimwambia. "Mimi nimechoka, nataka kukabidhi. Uvae vizuri."

Alivaa gauni la bluu lililokaa sandukuni tangu mchumba wa pili. Majirani walijaa mbele ya zizi. Mmoja akamkonyeza: "Zizi limempata mwenyewe!"

Mzee akasimama, daftari mkononi.

"Binti yangu huyu amenitoa kimasomaso," alisema. "Kama si yeye, leo nisingekuwa na cha kumwachia mwanangu."

Makofi yakalipuka. Daktari alikuwa ameshapiga hatua mbili mbele, mikono ameinyoosha, ndipo alipomwona mdogo wake wa kiume, aliyefika asubuhi ile kutoka mjini alikokuwa akiuza simu, akipokea daftari.

Mdogo mtu alilifungua, akapitisha macho ukurasa wa kwanza, akakuna kichwa. Kisha akamsogelea dada yake, akamnong'oneza:

"Dada, hebu nisaidie. Kati ya hawa, fahali ndiye yupi?"