Mwandiko wa Bibi Dorkasi

Bwana Faraji aliisogeza lenzi juu ya lebo, kutoka a ya kwanza hadi a ya kumi na tatu. Zote zililingana.

"Dada Janeth, mtu gani huyu anaandika bila kukosea hata mara moja?"

Janeth akaifuta chupa ambayo haikuwa na vumbi. Lebo yake ilisomeka: "Jamu ya plamsi. Nyumbani kwa Bibi, Lushoto. Weka mahali pakavu, mbali na jua." Herufi zilikuwa zimelala kidogo na kushikana, kama za mtu anayemwandikia jirani yake. Ulikuwa mwandiko wa kompyuta. Kule steshenari kwake aliutumia kwenye kadi za harusi, menyu za migahawa, hata salamu za rambirambi, na hakuna aliyewahi kuuliza.

"Wageni wangu hotelini wanataka kitu cha mkono," akasema Faraji. "Nikiwapelekea cha mashine watanicheka. Anaandika nani?"

Chupa mia mbili zilijaa hadi chini ya kitanda, plamsi za msimu mzima. Akizikataa huyu, hakuna mwingine.

"Bibi yangu," akajibu Janeth kabla hajafikiri.

"Mwite."

Janeth akaita kupitia dirishani. Bibi Dorkasi hakupata kukanyaga darasani. Kila palipotakiwa saini alitia dole gumba. Karatasi pekee alizozipenda ni lebo zilizoharibika. Kila jioni aliziomba, akaingia nazo chumbani kwake. Janeth alidhani ni za kuwashia moto.

Bibi akaja akijifuta mikono kwenye kitenge.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Ndiye wewe unayezipima herufi? Zimepungua uzito?"

"Niandikie lebo moja tu, nione."

Janeth akafumba macho. Alipoyafumbua, bibi alikuwa ameshafika kwenye "pakavu". Herufi zimelala vilevile, zimeshikana vilevile. Hata y zake hazikuwa na mkia, kama printa ya steshenari inavyozikata siku zote.

Faraji akainamisha lenzi. A kumi na tatu, zote pacha.

"Huu sasa ndio mkono wa mtu!" akapiga meza. "Mashine itaupata wapi mkono kama huu? Dada, unisamehe. Nazichukua zote, na za msimu ujao pia."

Akatoa mkataba kwenye begi, akausogeza mbele ya bibi.

"Hapa, bibi. Jina lako kamili."

Janeth alikuwa ameshaanza kupanga chupa kwenye maboksi. Bibi Dorkasi akanyoosha mgongo, akaishika kalamu vizuri, na kwenye mstari wa jina la muuzaji akaandika taratibu, bila kutetemeka: "Weka mahali pakavu, mbali na jua."